Barua Kumi na Moja kwa Bwana Saulo

Filemoni Mwakyambo alikuwa na imani moja juu ya barua: ukishapata neno la juu, barua imekwisha, yanayobaki ni maelezo. Neno la juu aliliita lile jina la heshima analopewa anayeandikiwa kabla hujamtwisha shida zako. Watu waliokuja kuandikiwa kwenye baraza ya duka la Mulji, Mbeya mjini, walifika na shida zao mdomoni: ng'ombe kaibwa, mpaka wa shamba umesogezwa, binti katoroka. Filemoni aliinua kidole akawanyamazisha.

"Kwanza niambie unamwandikia nani. Ana umri gani, kasoma, kaoa, anasali wapi? Ng'ombe atangoja."

Elimu hiyo aliipata bomani. Alikuwa karani kwa miaka ishirini na miwili, mingi kati ya hiyo Iringa, michache ya mwisho Mbeya. Kule Iringa aliwahi kumsaidia mzee mmoja wa Kilolo aliyekuwa na malalamiko juu ya nguruwe wa jirani. Mzee alikuwa amekwisha kumwandikia Bwana Shamba barua iliyoanza na "Wewe Bwana Shamba", nayo haikujibiwa, jambo ambalo halikumshangaza Filemoni hata kidogo. Yeye alianza na Mheshimiwa, akaongeza Mtukufu, akaongeza Mlinzi wa Mazao ya Raia, akaendelea hivyo mpaka ukurasa ukajaa na nguruwe wakakosa nafasi. Wiki iliyofuata Bwana Shamba alifika Kilolo mwenyewe kwa pikipiki kuuliza mzee anataka nini. Filemoni aliisimulia habari hii kama ushahidi, wala hakuona kichekesho ndani yake.

Alistaafu mwishoni mwa mwaka 1954, akatoka bomani na vitu viwili. Cha kwanza ni taipureta kuukuu ambayo ofisi iliiona haina faida tena. Cha pili ni furushi la bahasha za kaki zenye taji na chapa ya utumishi wa Mfalme. Mfalme mwenyewe alikuwa amefariki tangu mwaka 1952, sasa tulikuwa na Malkia, na zile bahasha zilikuwa zimekaa stoo bila mwenyewe. Karani mkuu alisema zitupwe shimoni. Filemoni aliona si adabu kumtupa Mfalme shimoni, akazibeba hadi kwake Ilomba.

Wateja hakuwapa bahasha hizo. Walinunua za kawaida dukani kwa Mulji. Za Mfalme aliziweka kwa ajili ya mtu mmoja tu, mwanawe Saulo.

Saulo alikuwa ameondoka mwezi wa nne mwaka huohuo wa 1954, miezi mingi kabla baba yake hajastaafu. Alitia sahihi kontrakti ya mkonge pale Mbeya, akapakiwa kwenye lori na wenzake, asionekane tena. Ilikuwa karibu na Krismasi ndipo jirani yao Jailos aliporudi kutoka kwenye mashamba ya chai ya Mufindi, upande wa Iringa, akasema amemwona Saulo huko, anachuma chai chini ya mnyapara mmoja wa Tukuyu aitwaye Edmund. Kwa nini aliacha mkonge akaenda kwenye chai, Jailos hakujua. Filemoni alifikiri labda kijana amepandishwa cheo.

Basi akaketi mbele ya taipureta yake akaanza kumwandikia. Juu kabisa alipiga: "Kwa Bwana Saulo F. Mwakyambo." Chini yake: "Bwana, nina heshima kukuarifu ya kuwa sisi huku tu wazima." Halafu mafungu yenye namba. Fungu la tatu lilieleza kwamba mke wa mtajwa hapo juu amejifungua mtoto wa kiume, jina lake Lutengano. Mwisho: "Mimi mtumishi wako mtiifu, F. Mwakyambo." Alipomsomea mkewe Damari, Damari aliacha kuchambua maharage.

"Umemwandikia mwanao au umewaandikia jela?"

"Wewe hujafanya kazi ofisini," Filemoni alimjibu.

Damari hakujua jambo moja, kwa sababu mumewe hakuwahi kulisema. Kwa miaka yote ishirini na miwili bomani Filemoni aliitwa Filemoni, na siku nyingine aliitwa boi, hata na Wazungu waliofika juzi na ndevu hazijaota. Aliandika neno Bwana maelfu ya mara kwa mkono wake, na hakuna hata barua moja iliyowahi kuja na neno hilo mbele ya jina lake. Aliapa moyoni kwamba mwanawe ataandikiwa Bwana. Kumwita mtu mzima mwenye mke "mwanangu" aliona ni kumvua suruali mbele za watu. Bwana lilikuwa jina bora kuliko yote aliyokuwa nayo, taji ilikuwa bahasha bora kuliko zote, na alimpa vyote viwili. Alimpenda sana.

Alituma barua kumi na moja katika mwaka mmoja. Hakuna iliyojibiwa. Kwanza alisema Saulo ana kazi nyingi. Baadaye alisema Saulo ana kiburi. Baada ya ile ya kumi na moja hakusema kitu, akaifunika taipureta kwa gunia kila alipomaliza kazi za watu, na Damari aliacha kumtania.

Mwezi wa kwanza mwaka 1956 kaka zake Sekela, mke wa Saulo, walipanda kutoka Rungwe. Walikula, wakanawa, wakasema walichokuja kusema. Dada yao amekaa karibu miaka miwili bila mume na bila habari za mume. Watangoja mpaka Pasaka. Pasaka ikipita na Saulo hajaonekana, watamchukua Sekela na ng'ombe wa mahari watarudishwa. Mtoto ni wa ukoo wa Mwakyambo, atabaki. Lutengano alikuwa amesinzia mapajani mwa babu yake wakati hayo yakisemwa, na Sekela alikuwa nyuma ya nyumba akisikia yote.

Alikuwa nyuma ya nyumba kwa sababu Filemoni alikuwa mbele. Kwa Wanyakyusa mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Hawatazamani, hawasemezani, na mke hatamki jina la mkwewe hata kama anaulizwa na polisi. Wamisionari walisema Mkristo hana haja na mambo hayo. Filemoni na Sekela waliitikia amina, wakaketi pande mbili za kanisa, wakaendelea. Nyumbani Ilomba Sekela alipita migombani ili asikatize uani, na Filemoni alikohoa kabla ya kila kona. Kikohozi chake kilijulikana mtaa mzima, na wageni walimpa pole ya kifua. Waliishi kwenye ua mmoja hivyo bila kuambiana neno, na kila mmoja alimheshimu mwenziwe sana.

Jumanne moja mwezi wa pili, asubuhi, Mulji alitokea kwenye mlango wa pembeni wa duka lake. Duka lilikuwa kwenye kona, na baraza yake ilizunguka pande mbili: upande wa barabara alikaa Filemoni, upande wa ghala walikaa wanawake wakingoja chumvi na mafuta ya taa. Aliyesimama kwenye huo mlango aliziona pande zote mbili. Mulji alikuwa Mhindi aliyekaa Mbeya miaka ishirini, mpole, mwenye macho ya kuona kila kitu na mdomo wa kusema nusu yake.

"Mzee Filemoni, iko mteja. Nataka barua."

"Aje."

"Hawezi kuja. Ni mkwe yako."

Filemoni alikohoa, kwa mazoea, kisha akakigeuza kiti chake kikaelekea barabarani. Upande wa pili, nyuma ya magunia ya chumvi, Sekela alikuwa ameketi chini, kanga imemfunika mpaka machoni, mgongo umeegemea ukuta. Angeweza kumwendea mwalimu wa kanisani, lakini mwalimu yule alikuwa binamu ya kaka zake. Angeweza kumtuma Damari amsemee nyumbani, lakini hakutaka kuombewa. Alikuwa ameuza ndizi, amekuja kama mteja mwingine yeyote.

"Anamwandikia nani?" Filemoni aliuliza.

Sekela alisikia vizuri sana. Alingoja Mulji arudie swali, kisha akamjibu Mulji, na Mulji akamjibu Filemoni, ambaye naye alikuwa amesikia vizuri sana.

"Nasema, mume yake."

"Muulize anayeandikiwa ana umri gani."

Mulji alimtazama. "Mzee, si wewe ndiyo baba yake?"

"Ni utaratibu."

Maneno yalikwenda na kurudi. "Mama nasema, umri yake aulizwe aliyemzaa."

Filemoni aliona mteja huyu atakuwa mgumu. Alichomeka karatasi kwenye taipureta, akatangaza kwamba neno la juu litakuwa "Kwa Bwana Saulo F. Mwakyambo", akaanza kupiga. Mulji akamgusa begani.

"Mama hapana taka hiyo. Nasema andika Baba Lutengano."

"Hilo si neno la juu. Huko Mufindi hakuna mtu anayejulikana kwa jina hilo. Hata mwenyewe hajajibu kama habari za mtoto amezipata."

Safari hii Sekela hakungoja. Alimwambia Mulji kwa sauti iliyofika mpaka barabarani: "Mwambie mwandishi, jina la ukoo mimi siwezi kulitamka, anajua kwa nini. Kwa hiyo lisiandikwe kama nimelisema mimi. Na mashine sitaki, inapiga kelele kama watu wanagombana. Aandike kwa mkono. Aandike ninavyosema mimi, siyo anavyojua yeye."

Mulji alifikiri kidogo namna ya kuyafikisha hayo. "Mama nasema, tafadhali," akamwambia Filemoni.

Ilimuuma. Kama angekuwa mteja mwingine angemrudishia hela yake. Lakini mkwe humfukuzi, hasa kwa vile huwezi kumsemesha. Alitoa kalamu, akaandika kwa ule mwandiko wake wa kiofisi uliolala upande mmoja kama mvua ya upepo:

"Baba Lutengano. Mtoto wako ana meno sita. Anamwita kila mwanamume baba, hata Mulji wa dukani. Pasaka ikipita kaka zangu watanichukua, yeye atabaki. Njoo."

Alingoja. Barabarani punda wa mtu alipita na kuni.

"Muulize salamu ziko wapi."

"Nasema hakuna."

"Na mwisho atamalizaje?"

"Nasema imekwisha."

Ilikuwa barua fupi kuliko zote zilizowahi kutoka kwenye baraza ile. Haikuwa na heshima, haikuwa na afya njema, haikuwa na mtumishi mtiifu. Filemoni aliona aibu kuilamba bahasha, ambayo nayo ilikuwa ya bluu, moja ya zile ambazo vijana walinunua kutongozea. Juu yake aliandika "Baba Lutengano, kwa mkono wa Bwana Edmund, mnyapara, Mufindi", na angalau hapo alimpata mtu mmoja wa kumwita Bwana. Alimwambia Mulji kwa sauti ya chini kwamba barua ile haitajibiwa, mtu atakayejibu kitu kama hicho hajazaliwa. Jioni alimrusha Lutengano juu mara nyingi kuliko kawaida, na mtoto alimwita baba.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, kupitia sanduku la posta la Mulji. Sekela aliitwa, akaketi nyuma ya magunia. Filemoni alikigeuza kiti chake, akavaa miwani, akaipasua bahasha kwa wembe kama alivyofundishwa. Alitambua mwandiko wa mwanawe kabla hajaufungua ukurasa wote. Alikuwa na sauti maalumu ya kusomea barua za watu. Aliitumia hiyo.

"Mama Lutengano," alisoma. "Barua yako Edmund alinitafuta nayo siku mbili, anauliza kila mtu nani hapa ni Baba Lutengano, na mimi nasaidia kumtafuta. Halafu akasema imetoka Mbeya, nyuma ya bahasha kuna sanduku la posta la Mulji. Ndipo nikajua ni mimi. Mbona hukuniambia kuwa ulikuwa na mimba? Nimekaa chini kwenye majani ya chai mpaka mnyapara akanionea huruma."

Mulji alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu chake cha kupimia mafuta, hapimi.

"Sikuandika kwa sababu naogopa," Filemoni aliendelea. "Nilitoroka kontrakti ya mkonge. Walitupiga. Mtu akitoroka kontrakti anafungwa, wewe unajua, na kontrakti niliitia sahihi hapo Mbeya. Serikali ya Mbeya inanitafuta mpaka leo. Imeshaniandikia barua kumi na moja, bahasha ya kaki, taji juu, jina langu lote limepigwa taipu, Bwana Saulo F. Mwakyambo. Ukiona serikali inakuita Bwana ujue shauri limekuwa kubwa. Zote nimezitia motoni bila kufungua. Kila ikija moja nalala porini siku tatu."

Hapo Filemoni alishusha karatasi magotini. Mulji, ambaye ndiye aliyeuza stempu zote kumi na moja, alikiweka kibuyu chini polepole.

"Iko zaidi?" aliuliza, kwa sababu lazima mtu angeuliza.

Ilikuwapo. Filemoni aliona mstari unaofuata kabla ya kuusoma, na angeweza kuuruka. Mkwe wake hakujua kusoma, na Mulji pale mlangoni hakuiona karatasi. Lakini tangu aanze kazi ile hajawahi kumpunja mteja hata neno moja, na Sekela alikuwa amelipia barua nzima. Alisoma kwa sauti ileile.

"Mwandiko wa barua yako naujua. Kama anayekusomea ni yeye, basi asikie. Nimengoja mwandiko huo tangu niondoke. Serikali imeniandikia mara kumi na moja. Baba yangu hajaniandikia hata mara moja. Nilisema amenikataa kwa sababu yeye ni mtu wa boma na mimi ni mtoro. Sawa. Mimi nakuja, nitafika Jumamosi ya kabla ya Pasaka kwa basi la Iringa. Akitaka kunipeleka bomani mwenyewe anipeleke, ila nimwone mtoto kwanza. Wako, Baba Lutengano."

Aliikunja barua katika mikunjo yake ileile, akampa Mulji, Mulji akamfikishia Sekela. Kisha Filemoni alivua miwani. Alihisi uchungu ambao hakuwahi kuuhisi, hata siku alipomzika mama yake, kwa sababu siku ile hakuwa na kosa. Miezi yote ile alikuwa akiketi hapa amenyoosha kola, anachagua maneno mazuri kuliko yote anayoyajua, na kila alipomaliza kuchagua, mwanawe alikwenda kulala porini.

Mwanamke mmoja alikuja kuandikiwa barua ya mpaka wa shamba. Filemoni alimwambia arudi kesho. Wa pili pia. Kufikia saa sita hakuwa amefanya kazi yoyote, na Sekela alikuwa bado ameketi nyuma ya magunia, ingawa barua yake alikwisha kuipata na chumvi hakununua.

"Mama nauliza kama iko majibu," Mulji alisema.

"Yapo. Ila siyo yake. Ni yangu."

Alichomeka karatasi kwenye taipureta, akaichomoa. Alichukua kalamu. Alijaribu Bwana, akaona neno limeoza mkononi mwake. Alijaribu Mpendwa, lakini hilo ni la wachungaji. Alijaribu Saulo peke yake, akasikia sauti ya Mzungu akiita boi. Aliandika na kukata, akaandika na kukata, na Mulji alimletea karatasi nyingine bila kuombwa na bila kuiandika kwenye kitabu. Mwishowe alipata neno moja, ambalo halikuwa na cheo chochote ndani yake, akaongeza maneno machache chini yake, akaweka kalamu.

Upande wa ghala Sekela alimwuliza Mulji mwandishi ameandika nini. Mulji alimtazama Filemoni, na Filemoni, macho yakiwa barabarani, alimsogezea ile karatasi. Mulji aliisoma taratibu, kidole kikifuata herufi.

"Mwanangu," alisoma. "Zile kumi na moja zilikuwa zangu."

Alisubiri aone kama ipo nyingine. Aligeuza karatasi nyuma, kulikuwa kweupe.

Mulji alimrudishia Filemoni karatasi yake. Kisha Sekela, uso wake umeelekea ghalani, aliuambia ukuta, na si Mulji:

"Inatosha, baba. Itume."

Filemoni hakujibu, kwa sababu mila haikuruhusu. Alikohoa, akaomba stempu.